Buti la Kushoto

Nilianza kuwaza usiku ule wa Julai
maji yalipoganda kwenye ndoo ya uani
na Njombe nzima ikawa inatoa moshi mdomoni.
Nikatoka na tochi kumfunika Bonge gunia.
Nikamkuta amejibana na buti langu la mvua,
la kushoto,
analilamba kisigino
taratibu, kama mtu anayemchana mwenzake nywele
huku akimpa habari za sokoni.

Buti halikujibu.

Nikarudi kitandani, sikulala.
Miaka mitatu nampa majani ya karoti,
ukoka nilioanika mwenyewe juu ya bati,
nyuzi zilizobaki kwenye masweta ya shule, alalie.
Nampa na jioni yangu, saa nzima,
mikono ikiwa bado inatetemeka kwa mashine.
Lakini pua yangu haijui kucheza vile.
Mguu wake wa nyuma ukigonga ubao, du! du!
mimi nasikia kishindo.
Sungura mwenzake angesikia neno.

Fausta wa nyumba ya pili akasema,
"Wawili leo, Krismasi ishirini,
na kabichi zangu ziko hapo tu."
Bwana mifugo nilimuuliza habari ya kuhasi.
Akanitazama juu ya miwani.
"Ng'ombe nahasi. Mbuzi nahasi.
Huyo mlete pamoja na sufuria."
Nikacheka kidogo,
maana nilikuwa na deni lake la dawa ya kuku.

Wahenga walisema upweke ni uvundo.
Nikamnusa Bonge shingoni:
nyasi kavu, sufu, kaharufu ka maziwa.
Labda wahenga hawakufuga sungura.
Labda nilimnusa asiyehusika.

Jumamosi nikaenda Kibena kwa Otmari Mtweve.
Mabanda yake yamepangwa kama madawati.
"Wa kufuga au wa mboga?" Bei ni moja.
Madume sikuyatazama, kwa heshima ya kabichi.
Kulikuwa na jike la kijivu, sikio moja limechanika,
limekaa pembeni limeupa ulimwengu mgongo.
"Huyo hapatani na wenzake. Chukua mwingine."
Nikasema nipe huyo huyo, kwa wiki moja,
nikamwachia sweta jipya la kola liwe rehani.

Njiani nilikuwa nimeshawaza hadi jina.

Dakika ya kwanza manyoya yakaruka
kama mtu kapasua mto.
Bonge akauma, mgeni akauma,
na mimi katikati nikaumwa na wote wawili.
Nikakata waya wa chujio, nikaupigilia katikati ya banda,
nikafunga kidole kwa kitambaa,
nikaapa: kesho namrudisha.

Kesho yake manyunyu.
Keshokutwa masweta arobaini, mwalimu amesimama mlangoni.
Siku ya nne nikaona Bonge ameyavuta majani yake
hadi ukingoni mwa waya, akayala hapo.
Yule wa kijivu akala upande wake,
akijifanya hamwoni.
Siku ya sita wamelala mgongo kwa mgongo,
waya umewachora wote wawili vijisanduku kwenye manyoya.

Sijui kama huo ni urafiki.
Huenda ni baridi tu.
Nimewahi kukaa na mtu miaka tisa
na hilo swali sikulipatia jibu.

Asubuhi hii Otmari amepiga simu.
Sweta limemtosha mwanawe, hataki kulivua.
Je, nanunua, au namrudishia sungura wake?

Natazama uani.
Buti limelala ubavu nje ya banda,
kisigino kikavu, vumbi limeanza kukaa.

Ngoja, nasema.
Ngoja kwanza nitafute koleo.

"Koleo la nini?"

Nimeilaza simu juu ya mashine,
inaendelea kuuliza.