Mpini wa Vidole Vinne

Chilewa alipokuja kuagiza kisu cha mawindo
sikumuuliza urefu wa bapa.
Nilimpa mkono.
Ndivyo ninavyopima: salamu moja ndefu
mpaka mtu aanze kuona haya,
na kiganja changu kimeshaandika.

Chake kilikuwa na pengo.
Kidole cha kati kilibaki mtegoni, huko Bahi,
mwaka wa njaa.
"Fisi alikipata," alisema. "Angalau mmoja wetu alikula."

Bapa lilitoka kwenye springi ya Bedford
iliyofia njia ya Manyoni.
Shemeji yangu Mbeleje aliifua siku mbili,
akaizima kwenye oili chafu, ikalia kama paka.
Mimi kazi yangu ni mti.
Nilichukua mpingo, kipande cha kitanda cha bibi,
nikakivisha pete tatu,
mninga, mfupa wa ng'ombe, mninga,
nikachora chale za mshazari
kama zilivyo kwenye kibuyu cha maziwa nyumbani,
kisha pale palipokosa kidole
nikaacha kinundu, kadiri ya zabibu changa,
kijaze pengo, kisu kisicheze
mkono ukilowa damu.
Msasa. Nta ya nyuki. Msasa tena.

Alikuwa amelipa nusu.
Walimkuta porini na digidigi wawili, hana karatasi.
Isanga ina ukuta mrefu,
na kisu hakiruhusiwi kwenda kumsalimia mwenyewe.

Kikaning'inia msumarini miaka tisa.
Mji ukaja.
Wizara zikaja na viti vyake vya kuzunguka.
Mabwana wenye viatu safi wakakishika, wakakirudisha:
"Mbona kinanisukuma hapa?"
Ni kidole cha mtu, nikasema. Kiache.
Mmoja alitaka kukitundika sebuleni,
akataja bei ya mabati kumi na mawili.
Nikakataa, nikajiona mtu.
Usiku ule mvua ilinyesha,
nikayahesabu mabati yale, moja kwa kila tone
lililonidondokea shingoni.

Ijumaa moja ya kipupwe akaja Sechelela, bintiye,
na nusu ya pili pindoni mwa kanga.
Baba alitoka, akasema.
Tulikaa naye mwezi, kifua kikamchukua.
Yeye huchinja mbuzi Msalato, kila Jumamosi ya mnada.
Nikampa mkono. Alivuta wake mapema,
hakuja kusalimiana.
Akakishika kisu. Kinundu kikamkaa kidoleni
kama kokoto kiatuni.

"Toa hiki."
Nikamweleza ni nini.
Akanyamaza. Akakipapasa kwa kidole gumba
kama anayejaribu jino la mtoto, limelegea au bado.
"Kesho nina mbuzi wanane," akasema. "Toa."

Nikashika tupa.
Mpingo hautoki kama mbao nyingine,
hutoka unga mweusi, mzito, kama wa baruti,
hukaa pale ulipoangukia.
Nikageuka kutafuta karatasi niufungie, nimpe.
Niliporudi ameshaupangusa kwa kiganja,
umekwenda chini pamoja na maganda ya karanga.

Akakishika tena. Kikatulia.
Akakata hewa mara moja, chini kwenda juu,
mkato wa mtu anayejua ngozi inapoanzia.
Akahesabu noti, akasita,
akarudisha mbili pindoni:
"Baba alilipia mpini mzima.
Ulichopunguza, nipunguzie."

Mbeleje, ambaye hata harusini hacheki,
aliuacha mvukuto ukapoa.

Tukapeana mikono, tukamalizana.
Safari hii hakuuvuta.
Na kiganja changu, kwa mazoea tu, kikaandika:
vidole vitano,
cha kati kina weusi chini ya ukucha.