Kupitia Tundu la Leso

Rukiya kaja na filamu kwenye flashi,
"Shangazi, hii haitishi sana."
Haitishi sana! Mlango haujafunguka bado
nami nishajifunika leso mpaka puani,
natazama kwa tundu lililochomwa na pasi.

Nyumba yao kubwa, ina bustani, ina chumba cha chini,
na yule mama, taa zimezimika,
anashuka kuuliza, "Nani huko?"
Wee! Kwetu Kibokoni ukiitwa usiku huitiki,
seuze kwenda kumtafuta anayekuita.
Nikamwambia, "Rudi, mwanangu, rudi."
Hakusikia. Hawasikii hawa.

Nikapunguza sauti. Ikawa vibaya zaidi:
sasa naisikia nyumba yetu,
boriti zikijinyoosha,
bomba la Bwana Shekue likikohoa juu,
kitu kikiburutwa darini, au ni paka,
naomba awe paka.

Kisha stima ikapotea mtaa mzima,
mkono wa yule mama ukiwa kwenye kitasa.
Gizani mtu akacheka.
"Rukiya, ni wewe?"
"Ni mimi, Shangazi."
"Sema jina la mamako."

Stima imerudi saa saba. Hatukuimalizia.
Rukiya kalala mdomo wazi, flashi kiganjani,
nami nina haja ya kwenda msalani:
ngazi kumi na moja, nyayo zangu zazijua zote,
na balbu ya chini iliungua tangu mfungo.
Nimekaa.
Yule mama naye nadhani bado yupo palepale,
kashika kitasa,
anangoja mimi niseme
afungue, au asifungue.