Mluzi wa Kizota

Plagi nilibadili. Pampu ya mafuta nikabadili.
Nikamlaani mwenye sheli ya Bahi, hakunikosea kitu.
Bado pikapu, kila ikisimama, ilitetemeka kwa homa,
sailensa ikipanda, ikishuka, ikipanda,
na nyuma kreti kumi na nane za zabibu za Mpunguzi
zimeanza kutoka jasho.

Ndahani hakuuliza mengi.
"Zima redio. Na wewe nyamaza."
Akakata mpira nusu mita, ncha moja sikioni,
ya pili akaitembeza juu ya injini
polepole, kama anayemtafuta mtoto
aliyejificha huku anacheka.

Upepo ukaja, ukapiga mabati ya gereji, ukatupaka vumbi.
Akangoja upite.
Akarudi.

Hapo. Nyuma ya kabureta, chini, pasipofika jicho:
sssss,
mluzi mwembamba wa hewa isiyoalikwa.
Akadondosha maji; injini ikayavuta, ikatulia
pumzi moja tu, kisha ikaendelea kulalama.

Ufa wenyewe? Punje ya uwele ni kubwa.
Mpira ulikauka ukapasuka, kama midomo yetu Agosti.

Mpira mpya na klipu mbili: elfu tatu.
"Na kusikiliza?"
Akafuta mikono, akachuma zabibu moja kreti ya juu, akaitafuna.
"Huko ndiko kwenye elfu ishirini."

Nikalipa. Kwenye taa za kuingia Majengo nikasimama,
injini kimya hata nikadhani imezimika,
na katika kimya kile, kwa mara ya kwanza,
nikasikia mlango wa kushoto unagonga.