Kiti cha Kaizari

Wanashuka basini Iznik na kitabu kwapani,
jalada jekundu, herufi za dhahabu,
na kabla sijawaambia kwamba naitwa Muberra
wanauliza: "Ni wapi walipopigia kura?"

Kura ya nini, jamani?
"Ya vitabu. Vipi viingie, vipi vichomwe."
Nameza mate, naanza upya, kama kila Jumanne:
maaskofu walikuja, kweli, mwaka wa mia tatu ishirini na tano,
wengine, husemwa, wakichechemea kwa makovu ya mateso.
Waligombana kuhusu Mwana na Baba,
neno moja la Kigiriki likawatoa jasho kiangazi kizima.
Wakaamua habari ya Pasaka. Wakaacha kanuni ishirini.
Orodha ya vitabu humo haimo.
Nimezisoma zote.
Moja inakataza makasisi kukopesha kwa riba.

Nyuso zinapoa kama chai iliyosahauliwa.
Riba haina msisimko.

Lakini uzushi huo una mvi kuliko riwaya.
Karne tano na ushei baada ya mkutano
mtu fulani aliandika kwamba vitabu viliwekwa kando ya altare,
watu wakaomba,
na vya kweli vikakutwa juu, vya uongo chini.
Lisemwalo lipo, kama halipo laja:
hili halikuwapo, likaja,
likapigwa chapa, likauzwa viwanja vya ndege.

Juzi alikuja Ghislaine, wa Trois-Rivières.
Nakala yake imevimba kwa maji, pembezoni mna penseli.
"Ya dada yangu. Alikuwa mtawa miaka kumi na tisa.
Aliisoma wodini, akacheka mpaka muuguzi akaja.
Nionyeshe walipoichoma injili ya wanawake."

Nikamwambia nijuacho.
Kwamba ziko injili zilizoachwa nje,
baadhi zimerudi kutoka Misri zikiwa matambara,
na moja ina jina la mwanamke, kurasa nyingi hazipo,
na hakuna ajuaye kilichozila: moto, mchwa,
au tu kwamba hakuna aliyeketi kuzinakili.
"Hakuna aliyeketi," akarudia, kama anayeonja dawa.
"Hiyo mbaya kuliko moto."

Ziwa limepungua mwaka huu.
Kuta za kanisa lililozama zinaonekana toka ukingoni,
na wachimbaji wamezifunga kamba na vibao,
nambari tu, bila neno.
Ghislaine akachoka, akaketi juu ya jiwe.

Jiwe hilo, kwa miaka kumi na mmoja,
nimelitangaza hivi: "Kiti cha kaizari!"
Alilibuni bosi wangu wa kwanza, Bwana Shakir,
msimu bahashishi zilipokauka.
Ni jiwe la kinu cha zeituni.
Lina mfereji; anayetazama ataona.
Watu hupiga picha, hawatazami.
Na mimi ndiye msahihishaji wa riwaya za wenzangu!
Nyani haoni kundule.

Akapitisha kidole mferejini, polepole.
"Hapa palipita nini?"
"Mafuta," nikasema. Sauti ilinikwama.
"Mafuta tu."
Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Kitabu alikiacha pale, sijui kwa kusahau.
Nilikwenda nacho nyumbani, nikakifungua nikisubiri dengu ziive,
dengu zikaungua.
Makaburi ya siri, padri muuaji, ufunguo ndani ya msalaba,
na pembeni, kwa Kifaransa chembamba cha mtawa:
*Si kweli.*
Ukurasa unaofuata: *Si kweli.*
Mia mbili na kumi: *Si kweli, na huyu hajui Kilatini.*
Nilifika mwisho adhana ya alfajiri ikiita.
Chini ya mstari wa mwisho kabisa ameandika:
*Si kweli. Nimekesha.*

Leo Jumanne. Basi linaingia saa nne.
Nimelifagia jiwe, nimetoa majani mferejini.
Bado sijui nitaliitaje.