Jumatano Tu

Manana wa duka la dawa, pale Telavi,
alishika kalamu nyekundu, akaandika juu ya kasha
JUMATANO, akapiga mstari chini,
kisha, kama haniamini, akapiga wa pili.
"Isome." Nikaisoma.
"Tena." Nikasoma kama mtoto wa chekechea,
mimi mwenye wajukuu saba.

Vidonge sita vya manjano,
kila kimoja kidogo kuliko mbegu ya zabibu.
Asubuhi ile Vazha ndiye aliyenifunga vifungo vya koti.

Daktari alisema: una mbwa mlinzi,
mkali, wa kondoo, kama wale wetu wa mlimani,
ila akili imemruka, anang'ata mwenye nyumba
vidoleni, viwikoni, na huanza alfajiri.
Hatumwui. Tunamfunga kamba.
Lakini mbwa aliyefungwa hambwekei mwizi pia:
homa ikipanda, usingoje kukuche. Piga simu.

Basi mlango naulinda mwenyewe.
Maziwa mabichi ya Nazibrola, ahsante, sinywi.
Mjukuu ana tetekuwanga; tunapungiana mikono dirishani.
Vidonge vya kibofu alivyonipa wifi yangu kwa wema
nilimpelekea Manana kwanza. Alisoma jina, akapauka,
akavitia mfukoni mwake bila kuniuliza.
Kila mwezi nanyoosha mkono, kichupa kinajaa:
ini linahojiwa, figo zinahojiwa,
majibu yanakuja kwa tarakimu.

Alhamisi moja sikukumbuka kama jana nilimeza.
Nilikaa na kasha mapajani, vidole vikiwaka,
nikamkumbuka Guram, Mungu amrehemu,
aliyedhani kinachofaa mara moja kwa wiki
kitafaa mara saba. Siku tisa.
Kinywa ndicho kilichotangulia kuchubuka.
Sikumeza. Nilipiga simu.

Oktoba, Vazha amefunua mtungi uliozikwa ardhini,
divai imetoka na rangi ya kaharabu.
Meza ndefu, na msema-dua ni yeye.
Kwa waliotutangulia. Kwa mashamba. Kwa wageni.
Kisha akanigeukia, macho yamemlegea:
"Kwa ini la mke wangu!"
Nilicheka hadi maji ya komamanga yakanimwagikia.

Usiku, tukiondoka, akashika koti langu.
Nikamwambia, acha.
Vitatu nilivifunga.
Cha nne kilinishinda.