Nauza Hewa Iliyobanwa

Hapa Dalanzadgad, ukingoni mwa jangwa la Gobi,
hewa ni ya bure na haina mwenyewe:
inapita na mchanga, inang'oa mabati,
inavuka mpaka bila pasi.
Mimi nauza ile iliyobanwa.

Narmandakh aliingia Novemba, kope zina barafu,
noti zake amezifunga kwa kipande cha tyubu.
Akanyoosha kidole: "Lile jekundu."
Lita mia tano, limekaa kwenye kona
kama farasi mwenye mimba asiyetaka kusogea.
Kazi gani? nikauliza.
"Kazi ya hewa."

Hewa ina kazi nyingi, dada.
Seremala wa misumari midogo anahitaji kikohozi tu,
kikohozi, kimya, kikohozi.
Mpaka rangi anataka pumzi ndefu isiyotetemeka,
tena kavu: tone moja la maji
linaacha kovu kwenye mlango wa gari la watu.
Na anayepiga mchanga kung'arisha chuma,
huyo anakunywa hewa kama ngamia wa siku ya tisa.

"Matairi," akasema. "Malori ya makaa."
Nati ngapi kwa siku?
Akahesabu vidole ndani ya glavu, akapotea,
akazivua, akaanza upya.
Umeme wako wa njia moja au tatu?
Kimya.
Waya unatoka kwa nani?
"Kwa shemeji. Unapita juu ya ua."
Mnene kiasi gani?
Akanionyesha kidole cha mwisho.

Nikamwambia: presha ni kishindo, mtiririko ni pumzi,
na sisi wauzaji tunapenda kutaja kishindo.
Tangi ni mtungi; kisima ni pampu.
Mtungi mkubwa kwenye kisima chembamba,
utateka mara moja, kisha utakaa chini ungoje.

"Dorjsuren analo kama lile," akasema.
"Ng'ambo ya barabara yangu.
Madereva wanaliona toka mbali."

Nikafuta kaunta iliyokuwa safi.

Dorjsuren nilimuuzia mimi.
Sikumuuliza kitu. Mwezi ulinibana,
yeye alitaka kubwa, na kubwa lilikuwepo.
Nilimsaidia hata kulipakia.
Lilinguruma siku mbili;
ya tatu, nyumba sita zikaingia gizani.
Sasa limevaa turubai,
juu yake anaweka chupa ya chai,
na nati anazifungua kwa mikono, akilaani.
Jina langu halitaji. Nasikia hivyo.

Narmandakh nilimwambia nusu.
Nikamtolea la kijivu, lita mia na hamsini,
la njia moja, la mafuta,
si lile kavu linalopiga kelele na kufa mapema.
Bei chini ya nusu.
Alilitazama kama bwana harusi aliyeletewa shangazi.

Bomba liwe nene, liwe fupi, nikasema.
Mafuta yawe ya baridi; usiku wa Januari
haya ya kawaida yanageuka gundi.
Na kila jioni fungua koki ya chini, umwage maji.
"Maji gani? Hapa hata mbuzi hayaoni."
Yamo hewani. Ukiibana, inayatoa.
Akacheka, mara ya kwanza.
Mimi sikucheka.

Wiki iliyopita simu ikalia.
"Sikiliza," akasema, bila salamu.
Nikasikia mota ikipanda, duk-duk-duk,
dereva akipiga miguu chini kwa baridi,
nati, nati, nati ya nane,
kisha: tak.
Limeshiba. Limenyamaza.
Akakata.

Kesho nafunga duka mapema.
Nina la kijivu jingine,
lita mia na hamsini, na waya mnene mita arobaini.
Lile jekundu nitalirudisha, likitoka.
Dorjsuren hajui kwamba naja.
Nimejifunza swali moja tu la kumuuliza,
na nimechelewa nalo miaka miwili.