Andika, Nyevu

Andika, Nyevu, wino ungalipo:
mizinga ilikuwa thelathini na miwili.
Imebaki minne,
na mmoja katika hiyo minne unavuma ndani
mvumo mwembamba, kama birika la nyumba ya pili.

Mikorosho ya Chengo usiihesabu.
Hesabu visiki.
Andika komba aliyeshuka usiku, mkono mmoja umeungua,
akakaa juu ya tangi la maji la madrasa
akitutazama kama mgeni aliyekosa wa kumpokea.
Andika nyasi. Hakuna aandikaye nyasi,
ila mbuzi wa Mwakirunge leo wamezijua kwa kuzikosa.

Kaskazi ilikuwa kali, hilo kila mtu atakwambia.
Atakwambia gari la zimamoto lilizama
pale barabara inapogeuka mchanga,
tukapanga foleni hadi horini,
mitungi, ndoo, sufuria ya harusi ya kina Mbeyu,
tukamwaga maji ya chumvi kwenye mashamba yetu wenyewe
tukijua, huku twamwaga,
mahindi hayatatusamehe mwaka huu wala ujao.

Mikoko ndiyo iliyouzima, si sisi.
Moto ulifika kwenye matope, ukanusa,
ukarudi nyuma kama mbwa aliyeona fimbo.
Mikoko ile ile
tuliyokuwa tukiikata boriti za kuuza.

Wasema moto huzaa jivu.
Huu umezaa kikohozi cha mtoto wa Sidi, usiku wa tano sasa,
umezaa na maneno:
ni warina asali, ni wachoma makaa,
ni yule kijana aokotaye chupa jaani,
ndiye, ndiye, alionekana.
Jana wameung'oa mlango wake.

Usiinue kalamu, Nyevu.
Alasiri ile nilifagia majani chini ya mkorosho
kama mama alivyofagia,
nikayatia moto. Kidogo tu, wa kiganja.
Simu ikalia.
Alikuwa mnunuzi wa Nyali, auliza bei ya asali,
nami nikaingia ndani kutafuta daftari hili.

Andika jina langu lote: Kabibi Dzombo Mwaringa.
Liandike juu kabisa, kabla ya mizinga.

Kisha funga, twende kwa yule kijana
jua lingalipo.
Mlango wake nimeuokota, uko uani kwangu.
Ni mzito.
Shika upande mmoja.